Yowe si fumbo

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa karani wa ghala moja hapa Dar es Salaam, ghala la vyombo vya plastiki, na kila jioni nikishafunga daftari nilikaa kibandani na walinzi kunywa kahawa. Kwa zamu walikuwa wanne. Kila mmoja alikuwa na redio ya upepo kiunoni, na shingoni kadi ndogo ngumu yenye namba moja hadi kumi na nane. Namba moja, bosi anaingia. Namba mbili, gari la mzigo limefika. Namba saba, moto. Namba kumi na mbili ilikuwa ya mlinzi anayeomba ruhusa ya kwenda chooni, na hiyo ndiyo niliyoisikia kuliko zote.

Jioni moja waya wa feni ulishika moto nyuma ya mabunda ya ndoo. Mlinzi wa geti la nyuma akabonyeza redio, akasema kwa utulivu kama alivyofundishwa: "Namba saba, namba saba, geti la nyuma, ova." Geti la mbele siku hiyo alikuwapo kijana aliyeazimwa kutoka lindo jingine, na kule kwao namba saba ni gari la fedha linakaribia. Akajibu "roja", akalifungua geti wazi kabisa, akasimama wima pembeni kungoja gari. Moshi ulikuwa umeshapanda hadi kwenye taa ndipo mama ntilie wetu alipochungulia, akatupa sufuria, akapiga ukunga: "Moto! Moto jamani!" Watu walitoka hadi nyumba za jirani. Mchanga ukamwagwa, na hasara ikawa feni moja na ndoo mia na ushei zilizoyeyuka zikagandana.

Kijana yule hakuwa mzembe. Alisikia namba anayoijua, akafanya alichofundishwa, tena kwa haraka. Ndiyo maana kisa chake hunijia kila ninaposoma jinsi Wamarekani wanavyovutana kuhusu misimbo ya redio za polisi wao, mvutano wa miongo mingi ambao mpaka leo haujapata mshindi.

Misimbo hiyo ndiyo ile inayoanza na kumi. Hata asiyejua lolote la polisi ameshasikia 10-4, yaani nimekupata. Ipo 10-20, mtu akiulizwa yuko wapi, na ipo orodha ndefu nyuma yake. Wengi hudhani ilitungwa ili wezi wasielewe. Chanzo chake ni cha kawaida zaidi, na kwangu mimi kinavutia zaidi.

Polisi wa Detroit walianza kurusha taarifa kwa magari ya doria mwaka 1928, lakini gari liliweza kusikia tu. Askari akitaka kujibu ilibidi atafute simu. Miaka mitano baadaye, Bayonne katika jimbo la New Jersey, magari yakaanza kusikia na kusema. Redio za wakati ule zilikuwa za vali, zile chupa ndogo za kioo, na vali zilihitaji umeme mkubwa kuliko wa betri ya gari. Umeme huo ulitoka kwenye kijimota kilichoitwa dainamota. Ukibonyeza kitufe cha kusemea, dainamota ilichukua kati ya sehemu ya kumi ya sekunde na robo sekunde kushika kasi. Askari walifundishwa wabonyeze, wangoje kidogo, ndipo waseme. Lakini mtu anayemkimbiza jambazi hangoji. Matokeo yake silabi ya kwanza ilimezwa.

Hebu tuifikirie redio ya namna hiyo mikononi mwa Mswahili. Sisi ukanushi tunauweka mwanzoni kabisa mwa kitenzi. "Usipige" ikimezwa silabi mbili inabaki "pige". "Hawajafika" inabaki "wajafika", na msikilizaji mwenye haraka anajazia mwenyewe kwamba wameshafika. Dainamota ingetuua.

Charles Hopper, mkuu wa mawasiliano wa polisi wa jimbo la Illinois katika Wilaya ya 10, mji mdogo wa Pesotum, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa dawa yake, mwaka 1937. Kila ujumbe uanze na neno lisilo na maana yoyote, neno la kutolewa kafara. Kumi. Dainamota ikilimeza, hakuna kilichopotea. Namba inayofuata ndiyo yenye ujumbe. Tena namba ni fupi, na wakati huo njia za redio zilikuwa chache mno kiasi kwamba kila mtu alitakiwa aseme kidogo ampishe mwenzake. Chama cha maofisa wa mawasiliano ya usalama wa umma cha Marekani, APCO, kikaipokea kazi hiyo, kikaisambaza, na mwaka 1974 kikaifanyia marekebisho makubwa.

Kama fundi, Hopper namvulia kofia. Aliona ubovu asioweza kuutengeneza, akatengeneza lugha badala yake. Ila mitambo ikabadilika. Transista zikaja zikachukua nafasi ya vali, dainamota zikaenda kwenye majumba ya makumbusho, njia za redio zikaongezeka. Neno la kafara likabaki, na ubovu uliolizaa ukasahaulika.

Kilichofuata kila anayejua lugha angekitabiri. Hakukuwa na mamlaka ya kuwalazimisha polisi wote wa Marekani watumie orodha moja, na nchi ile ina maelfu ya vikosi vya polisi, kila mji na wake, kila kaunti na wake. Kila kikosi kikaongeza chake, kikapunguza chake, na misimbo ikagawanyika lahaja. Katika orodha ya APCO, 10-13 ni taarifa ya hali ya hewa na barabara. Kwa polisi wa jiji la New York, 10-13 ni askari aliyezidiwa anaomba msaada, na kila mwenye gari hukimbilia huko. Chukua askari wa New York aliyetumwa mji mwingine kusaidia, halafu umsikilize akipiga kelele redioni kwamba 10-13, 10-13. Anayemsikiliza anaweza kudhani mvua inanyesha. Namba 10-54 nayo kwingine ni mifugo barabarani, na katika sehemu za California ni mtu anayedhaniwa amekufa.

Kasoro hii ni mbaya kuliko ya lugha mbili zisizoelewana kabisa. Ukiongea na Mfini ambaye hujui lugha yake, unajua hujaelewa, unauliza, unaonyesha kwa vidole. Msimbo wa jirani hukupa uhakika wa uongo: unasikia namba unayoijua, unaitikia "roja", unafungua geti.

Waliong'amua mapema walikuwa watu wa zimamoto. Mwaka 1970 California iliwaka kwa siku 13. Watu 16 walikufa, nyumba na majengo kama 700 yakateketea, zaidi ya ekari nusu milioni zikaungua. Vikosi vilikuja kutoka kila upande na vilipokutana havikuweza kuongea: redio tofauti, majina tofauti ya vifaa vilevile, vyeo tofauti. Kwenye moto huo ndiko ulikozaliwa mpango wa FIRESCOPE, na ndani yake utaratibu wa kuongoza tukio ambao leo umeenea duniani. Moja ya nguzo zake ni kwamba redioni watu waseme maneno ya kawaida. Gari la maji liitwe gari la maji. Huu ni ushauri ambao mama ntilie angeutoa bure, lakini ulihitaji majivu ya ekari nusu milioni ili uandikwe.

Polisi hawakuufuata. Ikapita miaka thelathini. Septemba 11, 2001, rubani wa helikopta ya polisi wa New York aliona juu ya mnara wa kaskazini dalili za kuanguka, akatoa taarifa, na polisi wenzake wakaipata. Askari wa zimamoto waliokuwa ndani ya mnara walikuwa kwenye masafa yao. Hapakuwa na njia ya moja kwa moja ya kuwafikishia. Siku ile walikufa askari wa zimamoto 343. Naomba nisieleweke vibaya: siku ile tatizo halikuwa misimbo. Lilikuwa mitambo, masafa, na taasisi mbili zilizozoea kila moja kujitegemea. Ila ndilo lililofanya watu wa juu waanze kuuliza swali la wazimamoto wa California. Kimbunga Katrina mwaka 2005 kikaongeza uzito, kwa kuwa waokoaji walimiminika kutoka nchi nzima. Mwaka 2006 serikali kuu ya Marekani, kupitia FEMA, shirika lake la maafa, ikaweka sharti: anayetaka fedha zake za kujiandaa na maafa, katika tukio linalokusanya vikosi mbalimbali, atumie lugha ya kawaida redioni.

Sharti hilo lina tundu. Kwa kazi za kila siku, ndani ya kikosi chako, lugha ya kawaida inahimizwa tu. Kwa maneno mengine, endelea na namba zako asubuhi mpaka jioni, lakini siku ya maafa makubwa uziache. Sasa ni nani atakayejua dakika ambayo tukio dogo limekuwa kubwa? Nyumba moja inayowaka haina bango la kusema kwamba mtaa mzima utafuata. Na mtu aliyechanganyikiwa, mwenye moshi kifuani na damu mikononi, hasemi alichohimizwa kwenye semina. Anasema alichokisema jana na juzi. Ukimwacha azoee namba siku mia tatu, usimtegemee azisahau siku moja. Waliotunga sharti hawakuwa wajinga, nadhani walijua hili vizuri. Walijua pia kwamba mkuu wa polisi wa kijijini hapendi kuamrishwa na Washington hata namna ya kusema nimekupata.

Kwa nini mtu aing'ang'anie namba? Utaambiwa kasi. Lakini 10-4 na "sawa", ipi fupi? Namba kubwa kubwa ndiyo kabisa, maana kila moja huzaa maswali: ajali ya namna gani, wangapi wameumia, barabara imefungwa? "Ajali, lori na bodaboda, majeruhi wawili" imeshamaliza yote kabla mwenye namba hajajibu swali la kwanza.

Utaambiwa pia siri, na hapa wahenga wetu walishatangulia: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu hutambua. Orodha za misimbo ya polisi wa Marekani zimechapishwa miaka mingi, na mashine za kunasa redio ziliuzwa madukani kama pasi. Jambazi aliyedhamiria alijua namba zote. Asiyezijua alikuwa raia aliyesimama kando ya barabara. Siku hizi polisi wanaotaka siri wanafunga mawasiliano yenyewe kwa mitambo, kama polisi wa New York walivyoanza kufanya mwaka 2023, na waandishi wa habari wanalalamika kweli kweli. Huo ni ugomvi mwingine, una haki pande zote. Lakini anayeweza kuifunga redio hahitaji tena kulifumba neno.

Sababu ninayoiamini haisemwi hadharani. Misimbo ni kama mambo ya jandoni. Mwari anaingia hajui kitu, anatoka anajua maneno ambayo waliobaki nje hawayajui, na kuanzia hapo yeye ni mwenzetu. Mtazame mlinzi yeyote aliyekabidhiwa redio wiki ya kwanza, hata hapa kwetu. Mwendo unabadilika. Neno "roja" linatoka mdomoni kwa namna ambayo "ndiyo" haiwezi kutoka. Hilo "roja" lenyewe ni mabaki: zamani katika alfabeti ya redio ya Kiingereza herufi R iliitwa Roger, na R ilisimama badala ya kupokelewa. Mwaka 1956 alfabeti mpya ikaifanya R kuwa Romeo, lakini Roger alikuwa ameshahamia vijiweni, na leo ukimtuma mtoto dukani anaweza kukujibu roja.

Sizidharau sababu zote. Askari amemsimamisha mtu barabarani, na kituo kinataka kumwambia kwamba huyo aliye mbele yako anatafutwa kwa mauaji. Hapo neno la kificho linaokoa maisha, na nisingelifuta. Au maiti iko sebuleni na mjane amesimama hatua mbili kutoka kwenye redio. Kuna staha ambayo namba huitunza. Hizo ni nafasi mbili au tatu. Hazihitaji orodha ya namba mia.

Sasa nigeuke, kwa sababu anayehubiri lugha ya kawaida ana deni la kueleza yaliyotokea usiku wa Januari 25, 1990. Ndege ya Avianca, safari namba 52 kutoka Colombia, ilikuwa inazungushwa angani karibu na New York kwa zaidi ya saa nzima kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Mafuta yalikuwa yanakwisha. Rubani msaidizi aliwaambia waongozaji wa ndege kwamba mafuta yanakwisha, akaomba kipaumbele. Alisema kweli, kwa maneno ya kawaida, kwa adabu. Neno ambalo hakulisema ni dharura, wala Mayday, lile neno la kimataifa la kuomba msaada. Waongozaji wakasikia ndege moja zaidi miongoni mwa nyingi ambazo usiku ule zilitaka kutua upesi. Ndege ilianguka Cove Neck, Long Island, matangi yakiwa makavu. Kati ya watu 158, walikufa 73.

Mimi hiki ndicho kisa kinachonisumbua kuliko vyote, kwa kuwa wafanyakazi wale walizungumza Kihispania nyumbani na Kiingereza kazini, kama sisi tunavyoongea Kiswahili sebuleni na Kiingereza kwenye fomu. Kwa Kihispania kuomba kipaumbele kunaweza kuwa na uzito mkubwa masikioni mwa anayeomba. Kwa mwongozaji wa New York halikuwa neno linalowasha taa nyekundu. Kabla yake, Tenerife, Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana kwenye njia ya kurukia wakafa watu 583, na katikati ya mkasa kulikuwa na sentensi ya rubani Mholanzi iliyoweza kueleweka kwamba yuko tayari kuruka au kwamba anaruka. Baada ya hapo neno la kuruka likawekewa uzio: hutamkwa tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta.

Kwa hiyo kusema "ongeeni kawaida" hakutoshi. Kuna maneno ambayo lazima yawe yameshakubaliwa kabla ya usiku wa hatari, yasiyo na maana ya pili, na yasiyotumiwa kwa jambo dogo. Tofauti yake na namba za polisi ni moja. Mayday ni ya kila mtu.

Lilivyopatikana ni hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Frederick Mockford alikuwa mwendesha redio mkuu katika uwanja wa ndege wa Croydon, London, na ndege nyingi zilikuwa zinakwenda na kurudi Le Bourget, Paris. Likatakiwa neno ambalo Mwingereza na Mfaransa wote watalishika kwa sikio. SOS ilikuwapo, lakini SOS ilizaliwa kwa ajili ya mlio wa Morse: nukta tatu, mistari mitatu, nukta tatu, mdundo usiofanana na mwingine wowote, hata haikuwa kifupisho cha maneno, hayo ya kuokoa roho yalibandikwa baadaye. Kwa sauti herufi S hupotea kwenye mikwaruzo ya redio. Mockford akapendekeza Mayday, kwa sauti ya Kifaransa cha "nisaidieni". Mwaka 1927 likakubaliwa kimataifa. Hutamkwa mara tatu, ili redio ikimeza la kwanza yabaki mawili. Hapo utaona Mockford na Hopper walipambana na adui mmoja.

Mayday haielezi chochote. Haisemi moto wala maji wala injini. Inasema njooni, kisha mwenye shida anaeleza kwa maneno yake yuko wapi na amepatwa na nini. Hivyo ndivyo yowe lilivyofanya kazi siku zote. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Jambo gani, utalijua ukifika. Usukumani mwano ukipigwa kwa wizi wa ng'ombe, kijiji kinaupokea na kuupeleka kijiji cha pili, na hakuna anayeuliza kadi ya namba. Mama ntilie wetu alipopiga ukunga hakuwa anatoa taarifa. Alikuwa anafungua masikio ya watu, taarifa ikafuata.

Hospitali nazo zilijifunza kwa gharama. Huko Marekani rangi hutangazwa kwenye vipaza sauti vya wodini, bluu kwa kawaida ikiwa moyo wa mgonjwa umesimama. Mwaka 1999 kusini mwa California watu watatu waliuawa kwa risasi ndani ya hospitali moja, na msimbo uliotangazwa haukuwa wenyewe. Chama cha hospitali za eneo hilo kikaanza kuzilinganisha rangi, kwani daktari wa zamu leo yuko hapa, kesho yuko hospitali ya pili.

Huku kwetu mjadala huu haujafika mbali, na nadhani ni kwa sababu hatujawa na misimbo mingi ya kugombania. Tuna jambo jingine. Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 waliuawa katika shambulio la magaidi, na katika saa za mwanzo kikosi cha Recce cha polisi na wanajeshi waliingia jengo lilelile bila kuelewana. Kamanda wa Recce aliuawa kwa risasi zilizotoka upande wa wenzake. Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia ziwani ikiwa na watu 43, waliofika kwanza ni wavuvi wenye mitumbwi. Waliokoka 24. Wavuvi wale hawakuwa na redio, wala masafa, wala namba. Mpango wowote wa mawasiliano ya uokoaji ambao mvuvi hawezi kuingia ndani yake, kwa Ziwa Victoria, ni mpango wa makaratasi.

Na sisi bahati tunayo. Askari wa Tanzania, mhudumu wa Msalaba Mwekundu Kenya na nahodha wa mtumbwi wanaweza kusemezana bila mkalimani. Kwa nini basi redio zetu zijae vipande vya Kiingereza cha kukariri? Nimesikia kwa masikio yangu mlinzi akitangaza kwa Kiingereza kilichovunjika jambo ambalo kwa Kiswahili angelieleza barabara.

Lakini Kiswahili chetu nacho kina mashimo, na anayekipigia debe redioni ayataje. "Nne" na "nane" kwenye redio mbovu ni kitu kimoja. Nimeshaona mizigo ya katoni nane ikipakiwa nne kwa sababu hiyo, na kwenye moto si katoni, ni watu walionaswa. "Kuna moto ndani" na "kuna mtoto ndani" vinatofautiana kwa pumzi. Saa ndiyo balaa: saa mbili yako ni saa nane ya kwenye fomu ya Kiingereza, na mtu anayeandika kumbukumbu huku anasikiliza atachanganya tu. Haya hayatibiwi kwa kuchapa orodha ya namba. Yanatibiwa kwa kukaa mezani na kukubaliana vitu vichache: nane itamkweje, moto usemwe "moto unawaka", saa ipi ndiyo saa. Pengine yatoke maneno kumi. Zimamoto, polisi, wahudumu wa magari ya wagonjwa, mabaharia na walinzi wa maghala wayajue kama wanavyojua majina yao.

Mtu wa pwani ataniuliza, vipi nahodha wa jahazi asiyejua hata hilo neno la Croydon? Kanuni za kimataifa za redio, ambazo kwa kawaida ni kali na kavu, zimemtaja. Zinasema hakuna kifungu chake chochote kinachomzuia aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo ili aonekane, aeleze alipo, na apate msaada. Akishika kituo cha 16, kile cha dharura baharini, akaanza kupiga yowe la Kimakunduchi, hajavunja sheria. Swali ni kama upande wa pili kuna mtu atakayemwelewa.

Kuhusu ghala letu, kampuni ya ulinzi ilifanya uchunguzi, wakaja mabwana wawili wenye mafaili, wakamhoji kijana wa geti la mbele kutwa nzima. Mama ntilie hakuulizwa. Baada ya wiki mbili kadi mpya zikaletwa, safari hii zikiwa na namba ishirini na nne, na moto ulikuwa umehamishiwa namba kumi na tisa.